Shangazi Anajibu: Nikitoka kuchora, hakuna anayeniambia pole na kazi

Mwezi huu barua tatu zimenijia kuhusu jambo moja: mtu ana kipaji kinachomwita, na dunia inamwambia aende kazini. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nami nimeyaishi maisha hayo.

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nina umri wa miaka 31, ni msaidizi wa mhasibu. Naingia ofisini saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja, nikifika nyumbani ni saa moja kasoro. Nachora tangu utotoni. Sikusomea, nimejifunza kwa kutazama na kukosea. Kuna chumba kidogo nyuma ya nyumba kilichokuwa cha kuwekea vitu, na humo ndimo nilimoweka turubai na rangi zangu za mafuta.

Kwa miezi saba sasa nachora mikono ya marehemu mama yangu akitunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anaulowesha uzi mdomoni, anaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha anaiinua sindano kwenye mwanga. Mkono wa kushoto nimeupata. Kidole gumba cha kulia nimekifuta mara kumi na moja. Kila nikikaribia, usiku umekwisha, na kesho yake nikirudi siuoni tena ule mkono. Naona rangi tu.

Mume wangu si mtu mbaya. Nikitoka ofisini hunipokea mkoba, huniambia pole na kazi. Nikitoka kwenye kile chumba saa tano usiku, mgongo unauma na macho yanawasha, huniuliza, "Umeshamaliza kucheza?" Hasemi kwa ubaya, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Ofisini nako, mkuu wangu aliona nimechora nyuma ya karatasi iliyokwisha kutupwa. Aliiinua kikaoni mbele ya wenzangu, akasema hapa hatulipi watu kuchora. Tangu siku ile mtu akiniuliza jioni nafanya nini, nasema napumzika.

Nimechoka, Shangazi. Niache kazi nichore, au niache kuchora nifanye kazi?

Mwenye Rangi Kwenye Kucha

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kidole gumba, maana ndicho kilichokufanya ushike kalamu. Anayecheza hafuti kitu mara kumi na moja.

Nadhani najua kinachokupiga chenga. Unachora kidole gumba kilichopumzika, na cha mama yako kilikuwa kinabana. Kidole kinachobana hubadilika. Nyama ya ncha hulalia upande, kiungo cha juu hupinda kwa nyuma kidogo, damu hukimbia kutoka ncha ya ukucha na kujikusanya karibu na shina lake, kwa hiyo ukucha mmoja unakuwa na rangi mbili: weupe juu, wekundu chini. Tena kidole gumba hakikai mstari mmoja na vingine, kimegeukia kiganja, na wewe ukikichora kama ndugu wa vile vinne kitakukataa daima. Fanya hivi. Simama mbele ya kioo, brashi iwe mkono wako wa kulia, uzi na sindano mkono wa kushoto. Kioo hugeuza: huo wa kushoto utauona kama wa kulia. Bana hasa, kama mtu anayetaka uzi upite. Utamwona mama.

Sasa hilo neno la mumeo. Nimelifikiria kwa siku kadhaa. Kiswahili chetu wala hakina ubishi juu ya jambo hili. Tukiona mlango uliochongwa vizuri tunasema "hapa kuna kazi." Mashairi ya mshairi tunayaita kazi zake. Neno ni lile lile analokupokelea nalo mlangoni. Lakini siku hizi wengi wetu tukisema kazi tunakusudia kitu ambacho usipokifanya kuna mtu atakuuliza. Usipofunga hesabu za mwezi, mkuu atakuita. Usipomaliza kidole gumba, hakuna atakayepiga simu. Hapo ndipo mumeo anapopotea: haoni anayekungojea, akadhani unacheza. Anayekungojea hawezi kumwona, maana amekwisha kufariki.

Umeniuliza uache kipi. Usiache hata kimoja kwa sasa, na nikueleze kwa nini, kwa sababu mimi niliacha.

Nilikuwa karani wa masjala. Majalada, namba, muhuri, kabati. Nikiwa na miaka 33 niliandika barua ya kuacha kazi, nikakaa nyumbani miezi minane nikichora kutwa. Katika miezi hiyo nilichora vibaya kuliko wakati wowote maishani mwangu. Mwezi wa tatu akiba ilipoanza kwisha, kila turubai niliyoiweka mbele yangu niliiuliza swali moja tu: utauzwa? Nikaanza kuchora machweo, kwa kuwa watu hununua machweo. Nilichora kumi na manne, na moyoni sikulipenda hata moja. Nilipopata kazi kwenye masjala nyingine nililia njiani, lakini wiki ile ile nikachora uso wa mwenzangu aliyesinzia kwenye lundo la mafaili, na mchoro huo ninao hadi leo. Mshahara ulikuwa umeichukua kodi ya nyumba ukaiondoa mgongoni mwa picha zangu. Hilo sikulijua mpaka nilipoupoteza.

Wapo wanaopaswa kuacha. Ukiona mwaka mzima umepita na picha zako, zile unazozitaka wewe, zimelipa nusu ya mahitaji yako, njoo tuzungumze upya. Hadi hapo, ofisi ni mfadhili wako. Ni mfadhili asiye na adabu, kwa jinsi ulivyomweleza yule mkuu, lakini hakupangii uchore nini.

Na usidhani wewe ni wa kwanza. Shaaban Robert alianza ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, akabaki mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miongo mitatu na zaidi. Mashairi tunayoyakariri yametoka kwa mtu aliyekuwa na ofisi ya kuwahi. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji, analea watoto wawili wa kiume peke yake, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970 akiwa na miaka 39. Aliandika kabla ya mapambazuko, watoto hawajaamka.

Mwingine nitakueleza kwa sababu sehemu ya habari zake hurukwa. Anthony Trollope, Mwingereza, alifanya kazi posta tangu mwaka 1834 hadi 1867, na katika maisha yake aliandika riwaya 47. Watu hupenda kusimulia jinsi alivyokaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila dakika 15. Wanaliacha hili: kulikuwa na mtumishi mzee aliyemwamsha, na alimlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi hiyo tu. Trollope mwenyewe alikiri katika kumbukumbu za maisha yake kwamba pengine anamwia mzee yule kuliko mtu mwingine yeyote. Nakuambia hivi kwa kuwa wewe ni mwanamke mwenye nyumba. Mtu akikuhimiza ujitume kama fulani, muulize kwanza nani alikuwa anafua nguo za fulani. Uchovu wako si udhaifu wa nia. Umeandika unafika nyumbani saa moja kasoro na unatoka chumbani saa tano, lakini hukuandika chumbani unaingia saa ngapi. Nimehesabu shughuli za katikati bila kuambiwa.

Kwa hiyo zungumza na mumeo, na usimwombe akuelewe sanaa. Mwombe jioni tatu. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, au zozote mtakazokubaliana, kuanzia saa mbili hadi saa nne, shughuli za nyumba ni zake na mlango wako umefungwa. Jioni zilizobaki usichore kabisa, hata ukitamani, kaa naye. Saa sita kwa wiki zenye mpaka zitakufaa kuliko usiku saba unaoibia. Na siku moja mwite aingie wakati unachora. Usingoje umalize. Picha iliyokamilika huficha jasho. Mkabidhi sindano na uzi, mwambie abane, umchore kidole chake kwa nusu saa. Mkono ukianza kumtetemeka atajua mwenyewe kama huo ni mchezo.

Kuhusu kupotea kwa mkono usiku hadi usiku: unaacha ukiwa umechoka, kwenye mwisho wa unachokijua, ndiyo maana kesho huna pa kuingilia. Acha robo saa mapema, ukiwa bado unajua mpako unaofuata, na uuandike kwenye karatasi ubandike pembeni mwa turubai. Mimi nilikuwa naandika maneno mafupi: "kesho, kijani baridi chini ya ukucha." Ukiingia husubiri hisia zikuamulie, unafuata karatasi, na baada ya dakika kumi umezama.

Tumia taa ile ile kila usiku, ikae pale pale. Rangi uliyoichanganya chini ya balbu ya manjano haitakuwa ile ile asubuhi, na nina shaka kwamba baadhi ya vidole ulivyovifuta havikuwa na kosa, ni mwanga tu ulikuwa umehama.

Ushukuru pia kwamba ulichagua mafuta. Rangi hizi hazikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo hushika oksijeni ya hewani na kugeuka magumu polepole, na upole huo ni rafiki wa mtu mwenye ajira. Rangi za udongo za kahawia hushika upesi, pengine ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu zina manganizi inayoharakisha. Nyeupe ya titani na nyekundu za kadimiamu husubiri siku kadhaa. Kwa hiyo panga hivi: vivuli vya kahawia Jumatatu, Jumatano vimeshika na unaweka nyama juu yake bila kuchafuka, na ile nyeupe ya ukucha iliyobaki mbichi unaendelea kuisukuma Alhamisi. Brashi usioshe kila usiku, inakula dakika zako. Izungushie nailoni ifunge isipate hewa, itakungoja. Kibao cha kuchanganyia rangi kifunike uweke kwenye friza. Tapentaini tu usiiache wazi kwenye chumba kidogo namna hiyo. Fungua dirisha, mwanangu, hata kama kuna baridi. Hayo macho yanayowasha huenda si ya uchovu peke yake.

Mkuu wako nimemwacha mwisho kwa makusudi. Alikosea. Karatasi ilikuwa ya kutupwa, na hata kama angekuwa na la kukuonya, angekuita faragha. Usijibishane naye, na usichore tena ofisini, kwa sababu ukimpa nafasi atairudia. Kilichonihuzunisha ni kwamba amekufundisha kusema unapumzika. Wiki hii mtu akikuuliza jioni unafanya nini, sema "nachora." Neno moja. Usiongeze "kidogo tu," usiongeze "najaribu." Nilichelewa sana kulisema neno hilo. Miaka kumi na tisa ya masjala wenzangu hawakujua, na siku nilipoagwa walinipa zawadi ya saa ya ukutani, wakanitakia mapumziko mema. Nilirudi nyumbani nikaingia chumbani kuchora, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba naingia kazini.

Usikubali pia kuambiwa kwamba dunia nzima inawaona wasanii kama watu wavivu. Ufaransa, msanii wa jukwaani aliyefanya kazi saa 507 ndani ya miezi 12 hupata haki ya posho kati ya onyesho na onyesho, kwa kuwa wanajua mtu huyo hata asipokuwa jukwaani anafanya mazoezi. Ireland ilianza mwaka 2022 kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki kwa miaka mitatu, waliochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliotimiza masharti. Sikuambii uhamie huko. Nakuambia kwamba kuna serikali zilizokaa mezani zikauliza swali lako, zikaandika jibu kwenye bajeti.

Kidole kikipatikana, niandikie.

SWALI

Shangazi, nachora ukutani na kwenye mabango. Mtu mwenye jengo jipya anataka nimchoree ukuta mzima wa mbele bure, anasema nitapata jina. Sitaki kumkosea, na kweli jina nalihitaji. Nimwambieje?

Kijana wa Brashi

JIBU

Mwambie bei, mwanangu. Pima ukuta kwa mita za mraba, hesabu rangi ya kwanza ya kutulizia na rangi za juu, jukwaa la kupandia, siku zako na za msaidizi wako, uandike jumla kwenye karatasi umpelekee kwa heshima. Mwashi aliyeujenga ukuta huo alilipwa, na jina lake pia lingefaa kujulikana. Dai nusu kabla ya kununua hata kopo moja.

Andikeni pia kwamba kumchorea ukuta si ruhusa ya kuichapisha picha kwenye kalenda na fulana zake. Akitaka hilo, lina malipo yake. Chini ya Mkataba wa Berne, uliozaliwa mwaka 1886 na ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, haki ya mchoro ni yako tangu unapouchora, bila kuusajili popote, na hudumu maisha yako yote na angalau miaka 50 baada yako. Usiisaini ikatoka bila kujua.

Bure ipo, na ni tamu. Mpe rafiki, wape watoto waliolazwa wodini. Uitoe wewe, usiombwe na mtu mwenye pesa ya marumaru.

SWALI

Shangazi, mimi ni mzee mwenzio, nadhani utanielewa. Mwanangu ana miaka 23, amepata kazi nzuri ya kutunza ghala. Juzi ananiambia amezungumza na wakubwa zake afanye nusu siku kwa nusu mshahara ili jioni atunge muziki. Nusu mshahara! Mimi nimefanya kazi ya zamu miaka 30, usiku na mchana, ili asihangaike kama mimi. Nilipoona hanisikii nilikichukua kinanda chake nikakifungia stoo. Hii ni wiki ya tatu hatusemezani. Mama yake ananilaumu. Nilikosea?

Baba Mwenye Uchungu

JIBU

Ndugu yangu, kwa kinanda ulikosea. Kwa hofu hukukosea, na ningependa mwanao aisikie hofu hiyo kutoka mdomoni mwako, maana mpaka sasa ameisikia kupitia kufuli tu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali kijana aliposema anaacha kazi. Sikupaona. Amesema nusu siku. Amekwenda kwa wakubwa zake kabla ya kuja kwako, amejua atapoteza kiasi gani, na bado ana mshahara. Wewe umesikia "naacha" kwa sababu ndilo neno uliloliogopa miaka 30. Wengi wa umri wake huondoka bila kuaga ghala wala baba. Wako amekuja na hesabu mkononi.

Kuna mtunzi wa Marekani, Philip Glass. Mwaka 1976 opera yake ilipigwa kwenye jumba la Metropolitan Opera huko New York, mahali ambapo watunzi wengi hufa bila kufika. Alikuwa na miaka 39. Baada ya hapo alirudi kuendesha teksi, na kabla yake alikuwa fundi bomba. Ni hadi alipofika miaka 41 ndipo muziki ulipoweza kumlisha. Sikupi mfano huu kukuhakikishia kwamba mwanao atafika huko. Pengine hatafika, na sitakudanganya. Ninachotaka uone ni namna alivyoishi: mtu alishika usukani wa teksi kwa mikono ile ile, akarudi nyumbani akatunga, na hakuna kati ya hizo mbili iliyoivunjia nyingine heshima.

Mketishe mwanao umuulize mambo ambayo baba wa zamu anayajua kuliko mimi. Hiyo nusu siku ni ya asubuhi au ya mchana, na ipi itamwachia kichwa kizima? Ana akiba ya miezi mingapi ghala likifungwa? Atachangia nini nyumbani, na tarehe ngapi? Wekeni muda, mwaka mmoja au miwili, mkae tena. Baada ya hapo mwombe akupigie alichokitunga, na usikilize hadi mwisho, hata kisipokupendeza. Umeniandikia mistari mingi juu yake, na hakuna hata mmoja unaosema muziki wake ukoje. Nina shaka hujausikia.

Lakini hayo yote hayawezekani kinanda kikiwa ndani ya stoo. Kitoe leo kabla hajarudi. Kifute vumbi, kirudishe mezani kwake kama kilivyokuwa, na waya wake wa umeme usiusahau.